Mama Fremu na Mlima Uliotiwa Chokaa

Watu wa mtaa wa chini walimpa jina la Mama Fremu kwa sababu, kwa miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kumwona akipanda mlimani bila fremu yake ya mbao begani. Ilikuwa mraba wa mita moja kila upande, umepigwa kamba katikati kama wavu uliokata tamaa. Wachokozi walikuwa wakimuuliza kama bado hajapata nyumba ya kuliwekea lile dirisha lake.

"Dirisha ninalo," alikuwa akiwajibu bila kusimama. "Nimekosa ukuta wenye adabu."

Kazi ile ya mlimani aliiingia kwa mlango wa nyuma. Mumewe alikuwa dereva wa malori. Siku moja aliondoka na mzigo akasahau njia ya kurudi, na waliomwona mji wa pili walisema ana afya tele na amenenepa. Mama Fremu akabaki na binti wa miaka minne. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa ameanza kufuga, akampa chumba cha uani, kile kilichokuwa kikiwekwa pumba na kamba, akakifagia kwa mkono wake mwenyewe na kukipaka rangi. Hilo la mdogo wake lazima lisemwe mapema, maana baadaye yalitokea mengine, na mtu anaweza kudhani walikuwa hawapendani tangu mwanzo. Walipendana sana.

Mwisho wa barabara ya changarawe, pale mlima unapoanza kuinuka, kulikuwa na kituo cha utafiti wa mimea. Kituo ni jina kubwa. Vilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu na darubini moja iliyofunikwa kwa kitambaa. Cha nyuma kilijaa makabati ya chuma, na ndani yake mimea iliyokaushwa, kila mmoja umegandishwa kwenye karatasi ngumu na kuandikwa jina lake kwa wino mweusi. Harufu ya nafthalini ya kufukuzia wadudu ya chumba kile ilikuwa ikimfuata Mama Fremu hadi kitandani. Aliajiriwa kufagia humo.

Mwenye kituo alikuwa profesa mwembamba, mpole, anayekohoa kila akitaka kusema jambo la maana. Mwezi wa tatu wa kazi, akiwa anafuta vumbi, yule mfagizi alisimama mbele ya meza akaangalia karatasi mbili zilizokuwa zimetandazwa.

"Profesa, samahani. Hii nyasi mbona umeiandika majina mawili?"

"Kwa sababu ni nyasi mbili."

"Ni moja. Huyu ni mtoto na huyu ni mama yake. Ikikomaa, shina linaingia zambarau hapa chini, karibu na mizizi. Hawa wamekatwa juu, ndiyo maana huoni."

Profesa alikohoa, akavaa miwani, akainama. Alikaa na zile karatasi mbili hadi jioni. Kesho yake asubuhi alimkuta anachukua ufagio, akamwambia auache mlangoni, waende mlimani.

Kwa mpita njia, mlima ule haukuwa na cha kutazama. Juu ulikuwa bapa, upepo haukomi, ukungu unakuja na kuondoka bila kuaga. Hakukuwa na mti hata mmoja. Kulikuwa na nyasi fupi, ngumu, zilizoota kwa mafundo mafundo, rangi ya mkeka mkuukuu, na mawe yaliyovaa ukoga wa kijivu. Ukiweka mbegu ya mahindi pale, ilichipua ikageuka njano na kukata roho ikiwa haijafika magotini. Wakulima walikuwa wameujaribu udongo ule tangu enzi za babu zao na wote waliuita jina moja: udongo mchachu.

"Mvua imeuosha kwa maelfu ya miaka," Profesa alimweleza. "Imechukua kila chenye rutuba ikateremka nacho bondeni. Iliyobaki huku ni njaa. Sasa hawa unaowaona hapa ni mabingwa wa njaa. Ukiwalisha, watakufa."

"Kwa kushiba?"

"Kwa kushiba kwa jirani zao. Nyasi kubwa ikipata chakula itarefuka, itawafunika, watakosa jua."

Alimfundisha kuhesabu. Kulikuwa na mistari minne iliyopigwa kutoka ukingo mmoja wa mlima hadi mwingine, na katika kila mstari vituo kumi na tano. Ukifika kituoni unalaza fremu chini, unapiga magoti, na unaandika kila kilichomo ndani ya mraba: aina, idadi, kimechanua au la. Mara mbili kwa mwaka, mvua zikianza na zikiisha. Mimea themanini na mitatu ndiyo iliyokuwa katika orodha.

Majina ya kisayansi yalimkwama kooni, kwa hiyo alitunga yake. Kulikuwa na Kitufe, kimmea chekundu kisichozidi kifungo cha shati, kilichojibandika kwenye udongo wa majimaji. Vijani vyake vilikuwa na vinyweleo, na kila kinyweleo kina tone linalonata. Mbu akitua, hainuki tena, na jani linamkunjia taratibu mpaka limle. Kulikuwa na Bibi Harusi, ua jeupe lenye petali kavu zinazochakarika kama karatasi, ambalo hata likikatwa halinyauki. Kulikuwa na Karani, okidi ya ardhini yenye ua la kijani lililoinama, huwezi kuliona usipopiga magoti, na ukiliona unadhani linaandika kitu. Kulikuwa na Mvivu, nyasi iliyochanua wakati wenzake wote wameshamwaga mbegu. Profesa alikuwa akiandika majina hayo kwa penseli pembeni mwa yale ya kisayansi, na hakuwahi kucheka hata siku moja.

Wanyama pia walikuwa wake. Alijua tohe wanalala wapi, na tombo gani ana vifaranga kwa jinsi anavyojifanya kavunjika bawa. Lakini aliowapenda kuliko wote ni mbayuwayu wa buluu iliyokolea, karibu na weusi, wenye mkia wa nyuzi mbili. Walikuja na mvua kutoka mbali na kujenga ndani ya mashimo ya zamani ya muhanga. Muhanga alichimba kutafuta mchwa, akaondoka zake, na ndege akapanga humo bila mkataba. Jozi kumi na moja alizihesabu mwaka wake wa kwanza, na mwaka wa ishirini zilikuwa tisa. Alizijua shimo kwa shimo.

Katika miaka hiyo walipita wanafunzi wengi. Mmoja alikuja na buti mpya zilizomchubua siku ya kwanza hadi akateremka mlima akiwa peku, na Mama Fremu akambandika jina la Buti papo hapo. Kijana huyo alikaa misimu miwili. Hakujua kutofautisha nyasi na ndago, na Mama Fremu ndiye aliyemshika mkono, akamzungushia shina kati ya vidole ili asikie zile kona tatu za ndago. Alikula kwake. Alipougua, alilala kwenye chumba kile cha uani, na Mama Fremu na bintiye wakahamia kwa wifi. Alipofaulu mtihani wake wa mwisho alimpigia simu kabla hajampigia mama yake mzazi. Mama Fremu aliliringia jambo hilo mtaa mzima.

Profesa alistaafu akiwa anakohoa zaidi kuliko anavyosema. Mwaka uliofuata alifariki. Makabati ya chuma yakapakiwa kwenye lori kupelekwa mjini, kibaraza kikaanza kuota majani, na Mama Fremu akaachiwa ufunguo na barua ya kusema aendelee kuhesabu mpaka atakapoelezwa vinginevyo. Akaendelea. Misimu minne hakuna aliyemweleza lolote.

Kisha Buti akarudi. Safari hii alikuja na gari, na tumbo limeanza kumtangulia. Alikuwa mshauri wa mradi, alisema, mradi wa malisho. Alimkumbatia mbele ya watu na kumwita mama.

"Nakuhitaji wiki tatu tu," alimwambia. "Wapimaji hawaujui mlima. Wewe utatuonyesha sehemu muhimu, tuziwekee alama."

"Muhimu kwa nini?"

"Muhimu, mama. Zile ulizonifundisha wewe. Pale penye udongo mchachu kabisa, penye kina Kitufe."

Bado analikumbuka jina. Hilo ndilo lililommaliza Mama Fremu. Akapanda mlima na wapimaji, wiki tatu, magoti yanamuuma, na kila walipofika pazuri alichukua kigingi chenye kitambaa chekundu akakipigilia mwenyewe kwa jiwe. Alipigilia kwenye vidimbwi vyote vya Kitufe. Alipigilia kwenye mteremko wa Karani. Aliwaonyesha mashimo yote ya muhanga, moja baada ya jingine, akiwaonya wasikanyage kingo. Vigingi mia moja na arobaini. Alirudi nyumbani akamwambia wifi yake kwamba hatimaye kuna watu wenye akili serikalini.

Mkutano uliitishwa kwenye ukumbi wa shule. Ofisa wa mradi, mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya kufundishia, alisimama mbele ya ramani akasema mlima ule umelala na umefika wakati wa kuuamsha. Udongo utatiwa chokaa kuondoa uchachu, kisha mbolea, kisha mbegu za nyasi bora. Kwenye ramani kulikuwa na madoa mekundu. Hapo, alisema, ndipo penye uchachu uliokithiri, kwa hiyo chokaa itawekwa maradufu. Akamshukuru mama mmoja mwenyeji aliyesaidia kupabainisha.

Mama Fremu alihesabu yale madoa akiwa amekaa. Hakuhitaji kuyamaliza. Akasimama.

Hakuwa amezoea kusema mbele za watu. Alieleza juu ya Kitufe na Karani, juu ya ndege wanaopanga kwenye mashimo, juu ya jirani kushiba na mdogo kukosa jua. Alisema mimea ile haipo kwingine kokote wanakoweza kufika kwa miguu. Kadiri alivyosema, ndivyo yale majina ya kubuni yalivyozidi kuonekana ya kitoto. Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama Bibi Harusi ameshalipiwa mahari.

Ndipo mdogo wake akasimama, na ukumbi ukanyamaza, maana alikuwa mtu wa kuheshimika.

"Dada yangu namheshimu," alisema. "Lakini nyie mmeona ng'ombe wangu wanachofanya. Wanatafuna mifupa. Ng'ombe, mnyama wa majani, anaokota mfupa jalalani anautafuna, kwa sababu kwenye zile nyasi hamna kitu. Mwaka jana ndama wanne walizaliwa miguu imepinda. Dada anahesabu maua. Mimi nahesabu mizoga."

Hakusema uongo. Hilo ndilo lililomkata maini dada yake, kwamba katika yote aliyosema hapakuwa na neno la uongo, na ng'ombe wenyewe aliwaona kila siku akipita zizini. Mikono ikainuliwa. Mkono wa mdogo wake ulikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Malori yalikuja kiangazi. Chokaa ilimwagwa kwa trekta pale trekta lilipoweza kufika, na kwingineko ikabebwa kwa magunia na wanaume waliojifunga vitambaa mdomoni. Kwa wiki nzima mlima ulionekana kutoka mtaani ukiwa mweupe, kama mtu aliyemwagikiwa unga. Alipanda siku moja tu kuangalia. Kwenye mteremko wa Karani, mtu mmoja alikuwa amesimama kwenye kigingi alichokipigilia Mama Fremu, akipasua gunia kwa kisu. Alimsalimu kwa adabu. "Shikamoo mama, pita upande wa juu, vumbi hili linaunguza macho." Akaitikia, akapita upande wa juu.

Trekta lilikuwa limebomoa mashimo mengi. Mvua zilipoanza, mbayuwayu walirudi kama kawaida yao, wakazunguka chini chini juu ya nyasi siku tatu, nne, wakitafuta. Jozi mbili zilipata mashimo karibu na miamba. Zilizobaki ziliendelea kuzunguka, halafu siku moja hazikuwepo.

Mwaka ule nyasi ziliota hadi kiunoni. Zilikuwa kijani kibichi, zinang'aa. Watu walipanda mlimani kupiga picha na walioitukana ile nyasi kuukuu walijiona wameshinda kesi. Ng'ombe wa mdogo wake walinenepa, wakaacha mifupa, wakazaa ndama walionyooka. Maziwa ya kwanza alimletea dada yake mwenyewe, kwenye sufuria iliyofunikwa sahani.

"Onja tu, dada. Usinitazame hivyo."

Akaonja. Yalikuwa mazito na matamu, na utamu wake ulimuudhi kuliko chochote alichowahi kuweka mdomoni. Alirudisha sufuria ikiwa imeoshwa na kusuguliwa kwa majivu, na tangu siku hiyo akawa anapika chakula chake peke yake chumbani.

Alimfuata Buti mjini. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, ina mazulia, na ukutani picha ya mlima ukiwa kijani. Buti alimwagizia chai, akafunga mlango.

"Mama, ningekuambia ukweli ungekataa."

"Ningekataa."

"Na wangemchukua mtu mwingine asiyejua lolote. Angeharibu zaidi."

"Zaidi ya nini?"

Buti alizungusha kikombe chake kwenye sahani. Mwishowe akasema kwamba yeye anapewa swali anajibu, na swali aliloulizwa ni wapi penye uchachu. Ripoti inaandikwa kwa anayeiagiza. Akasema pia ana watoto watatu. Kisha, kama mtu anayetoa zawadi, akasema mradi unatakiwa kufuatilia hali ya mimea kwa miaka kadhaa, na kwamba hakuna anayeifahamu ile mistari minne kama yeye. Kazi ipo. Ni yake akiitaka.

Wengi wangetema chini wakaondoka. Yeye mwenyewe alitaka kutema chini akaondoka. Lakini akiwa kwenye kiti kile alifikiri: akitumwa mtu mwingine, mtu ambaye hajawahi kumwona Karani, atajuaje kwamba Karani hayupo? Ataona kijani, ataandika kijani. Akakubali. Chai hakuinywa.

Akarudi kwenye mistari, na sasa ilimbidi aifukunyue nyasi kwa mikono miwili ili fremu ifike chini. Chini kulikuwa na giza na unyevu na mabua yaliyooza. Mwaka wa kwanza alipata Bibi Harusi saba, wembamba, wamejinyoosha kama watu wanaochungulia juu ya ukuta. Kitufe alipata wawili kwenye ukingo wa jiwe. Mwaka wa pili aliandika sifuri. Aliiandika vizuri, duara safi, katika kila mstari ambao zamani ulikuwa na namba. Watu waliokutana naye akiteremka walimuuliza leo amepata nini, na yeye alisema, "Nimejaza karatasi nne." Alipofika nyumbani mkono ulikuwa unamuuma kwa kuandika duara.

Mwaka wa tatu alipokwenda kuchukua fomu, karani wa takwimu, kijana nadhifu mwenye tai, alimpa karatasi moja badala ya nne. Ilikuwa na mimea kumi na minne.

"Wengine wako wapi?"

"Tumepunguza, mama. Zile safu zilizokuwa zinaleta sifuri zimeondolewa. Zilikuwa zinajaza nafasi bure."

"Sasa mimi nitaandika wapi kwamba hawapo?"

Kijana alimtazama kwa huruma ya kweli, jinsi mtu anavyomtazama mzee aliyesahau alichokuja kufanya. "Kama kitu hakipo, mama, unakiandikaje?"

Alihesabu msimu ule wa mwisho kwa ile karatasi moja. Akaandika wengine sitini na tisa nyuma yake kwa mkono, wote, na sifuri zao, akaiwasilisha. Miezi michache baadaye ripoti ya mradi ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Alisimama kuisoma na mfuko wa vitunguu mkononi. Ilisema kwamba miongoni mwa spishi zilizofuatiliwa, hakuna hata moja iliyotoweka. Chini yake palikuwa na saini mbili, na moja ilikuwa ya Buti.

Aliisoma mara mbili. Nayo, kama mdogo wake siku ile ukumbini, haikuwa na neno la uongo. Akapeleka ufunguo wa kituo ofisini, akauweka mezani kwa yule karani wa takwimu, akasema amestaafu. Kijana akamwomba asaini mahali. Akasaini.

Baada ya hapo alihamia kwa bintiye, akaishi kwa kushona vifungo na kupinda nguo za wateja wa binti huyo, aliyekuwa amefungua duka la cherehani mbili kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Kazi ya kukaa. Macho yake bado yalikuwa makali, na bintiye alisema hakuna fundi aliyeona mshono uliopinda kabla ya mama. Mlimani hakupanda tena. Wateja walipotaja mlima, aliuma uzi kwa meno akaomba wamgeukie apime bega.

Mradi ulifungwa mwaka wa sita. Chokaa, ambayo ilitakiwa irudiwe kila baada ya miaka michache, haikurudiwa. Mvua ziliendelea na kazi yake ya siku zote. Zile nyasi bora, zilizozoea kulishwa, zilianza kupata njano, zikalala, zikafa kwa mabaka. Kwenye mabaka ukaingia ukangaga, lile jani kubwa la kujikunja kama mkia wa kinyonga, ambalo zamani lilikuwa mabondeni tu. Miaka miwili ilitosha. Mlima wote ukawa ukangaga hadi kifuani. Ng'ombe wenye njaa waliula, na baada ya muda wakaanza kukojoa damu.

Mdogo wake alikuja asubuhi moja ya Jumatatu. Alikuwa amekonda. Bintiye alimkaribisha mjomba wake kiti, akatoka nje akijifanya anaanika vitambaa. Wale wawili wakabaki na cherehani mbili katikati.

"Nimezika wa tano jana," mdogo wake alisema.

"Pole."

"Daktari wa mifugo anasema ni lile jani. Anasema tuliondoe. Ukilikata linaota kesho yake." Alishika ncha ya kitambaa kilichokuwa mezani, akakiachia. "Dada, zile nyasi za zamani. Zile ngumu. Ng'ombe hawakunenepa, lakini hawakukojoa damu. Wewe ndiye unayezijua. Haziwezi kurudishwa?"

Kwa miaka minane alikuwa ameliandaa jibu. Alikuwa amelinoa usiku na mchana. Alitaka kumwambia aende akawaulize aliowainulia mkono, aende akamuulize yule mwanamke mchangamfu, amtafute Buti ghorofa ya tatu. Sasa nafasi imekuja na miguu yake mwenyewe, imekaa mbele yake, ina mvi na viatu vyenye tope, na akaona halina ladha aliyoitarajia. Akalisema hata hivyo.

"Waulize uliowainulia mkono."

Mdogo wake aliinamisha kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kiasi alichotegemea. "Nimewatafuta. Ofisi imekuwa duka la simu."

"Basi nami sina."

"Huna, au hutaki?"

Hapo alisimamisha sindano. Alifikiria mbegu za Karani, ndogo kuliko vumbi, ambazo zilihitaji uchachu uleule na utando uleule wa kuvu wa kwenye mizizi ili zichipue. Alifikiria udongo ambao sasa haukuwa mchachu wala mzuri.

"Sina," alisema. "Hata ningetaka. Mbegu zake hazikai ardhini kusubiri watu wapatane. Ningekuwa nazo, labda ningekunyima. Lakini sina."

Mdogo wake akaaga. Chai iliyokuwa jikoni haikumiminwa. Mlangoni alimwambia binti kwamba chumba cha uani bado kipo, hakijapangishwa, mama yake akitaka kurudi. Binti akalifikisha neno. Mama Fremu akasema amesikia.

Mdogo wake aliuza ng'ombe waliobaki, akawa mlinzi kwenye ghala la saruji. Wanakutana misibani na harusini. Wanasalimiana, wanaulizana hali za wajukuu, kila mmoja anamjibu mwenzake salama, na wanakaa mikeka tofauti.